Kichwa cha Kiswahili: kisa cha mtoto aliyeumwa tumbo kila Jumanne

Daftari la nesi wa shule ndilo lililokuwa likisema tangu mapema, na hakuna kati yetu aliyelifungua. Katika muhula mmoja wa darasa la tano, mvulana mmoja alifika kwa nesi mara 11 akilalamika tumbo. Mara 9 kati ya hizo zilikuwa Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi. Nesi alimpima malaria, akawashauri wazazi wampe dawa ya minyoo, na mwishowe akamwambia mama ampeleke hospitali. Vipimo vyote vilirudi safi. Na Jumanne saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo darasa lake lilikuwa na imla ya Kiingereza: maneno 20, kisha alama za kila mtoto zinabandikwa ukutani kabla ya chakula cha mchana.

Mimi ni mwalimu wa mahitaji maalumu katika shule moja ya kimataifa jijini Dar es Salaam, inayofundisha kwa lugha mbili. Hisabati na sayansi ni kwa Kiingereza. Historia, fasihi na maarifa ya jamii ni kwa Kiswahili. Wazazi wa mtoto huyu wamelisoma andiko hili na kuniruhusu kulitoa. Jina lake sitalitaja, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Alilelewa na bibi yake mzaa mama huko Pangani mpaka alipokuwa na miaka minane. Alisoma shule ya msingi ya serikali darasa la kwanza na la pili, akafika katikati ya la tatu, ndipo wazazi wakamchukua Dar. Mwaka wa masomo wa shule yetu huanza Agosti, wa shule za serikali huanza Januari, kwa hiyo alihama akiacha nusu ya mwaka nyuma yake na kuingia moja kwa moja darasa la nne letu. Katika usaili wa kujiunga aliwekewa ukurasa wa kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, akausoma bila kusita. Fomu yake ikaandikwa: Kiswahili kizuri, Kiingereza anaanza. Maneno hayo manne ndiyo yaliyomfunga kwa mwaka mmoja na nusu.

Mwisho wa darasa la nne, Kiingereza cha kuzungumza kilikuwa kimemkolea. Uwanjani alikuwa akitania na kugombana kwa Kiingereza kama wenzake. Kusoma, hata hivyo, kulikuwa hakujasogea. Katika kikao cha walimu mtu alikumbusha kazi za Jim Cummins alizozifanya Kanada mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980: kwamba mtoto anayejifunza lugha mpya huweza kuizungumza vizuri baada ya miaka 2 hivi, lakini kuimudu kwa masomo ya darasani humchukua miaka 5 hadi 7. Jambo hilo ni kweli, na limewaokoa watoto wengi wasitangazwe wazito wa akili kwa sababu tu hawajaijua lugha ya shule. Kwa mtoto wetu liligeuka kibali cha kusubiri. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yangu mimi mwenyewe. Niliona kundi aliloandikiwa, la wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya ziada, nikahamia jina la chini yake, kwa kuwa orodha ilikuwa ndefu. Nalisema hili wazi kwa sababu kisa hiki hakina mwalimu mbaya. Kina watu wenye maelezo ya kweli, kila mmoja na lake, na kila elezo lilifunika kilichokuwa chini yake.

Mwalimu wake wa Kiswahili naye alikuwa na lake. Aliona kwamba mtoto anasoma polepole, akajieleza kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu. Ni kweli pia. Neno kama "hatukuwaandikia" kwa Kiingereza linahitaji maneno sita, kwa hiyo ukihesabu maneno kwa dakika na kuyapima kwa kipimo cha Kiingereza, kila mtoto wa Kiswahili ataonekana kobe. Akalipuuza.

Shule ilipowaita wazazi, iliwapa ushauri ambao bado unatolewa katika shule nyingi na ambao mimi naupinga kwa nguvu zangu zote: zungumzeni Kiingereza nyumbani. Baba, ambaye analipa ada kwa jasho, aliutekeleza kwa uaminifu. Mama alieleza baadaye kilichofuata. Nyumba ikawa kimya. Mtoto ambaye kila usiku alikuwa akidai hadithi, akiitikia "Pakawa!" kabla hata mtu hajamaliza kusema "Paukwa", sasa alikuwa akiulizwa habari za shule na kujibu kwa neno moja la Kiingereza, kisha anakwenda chumbani. Ijumaa bibi alipopiga simu kutoka Pangani na kumwita "mume wangu" kama mabibi wa pwani wanavyowaita wajukuu, alijibu kwa sauti ya chini huku akimtazama baba. Shuleni nako kulikuwa na stika za nyota kwa anayemaliza wiki bila kusikika akiongea Kiswahili nje ya vipindi vya Kiswahili. Shule ya lugha mbili, na lugha moja ina nyota.

Januari ya darasa la tano nesi aligonga mlango wangu akiwa na lile daftari. Alikuwa amezipigia mstari Jumanne zote kwa kalamu nyekundu. Nilisimamisha imla yake wiki ileile, kabla ya kipimo chochote. Mwalimu wa darasa hakufurahi, akasema watoto wengine wanapenda ushindani na nafasi zao ukutani. Tulikubaliana kwamba alama hazibandikwi tena, za mtoto yeyote. Jumanne iliyofuata hakwenda kwa nesi. Hilo lilituonyesha maumivu yanatoka wapi, ingawa halikutuambia kwa nini imla ilikuwa inamtisha kiasi hicho.

Tulianza na macho na masikio, kama inavyopasa. Yote mazima. Kisha nikamwita mama, akaja peke yake, nami nikamwomba anisimulie kila mahali mtoto alipowahi kukutana na maandishi, tangu Pangani. Nusu saa ya mazungumzo hayo ilinifunza kuliko mafaili yote. Alitaja shule, akataja bibi, halafu akakumbuka chuo. Mtoto alisoma madrasa miaka mitatu, na ustadhi alikuwa akimsifu kwa kuhifadhi. "Ila kulikuwa na jambo moja, mwalimu," alisema mama. "Ustadhi alimwambia mama yangu kwamba huyu akianza sura mwanzo anateremka nayo mpaka mwisho. Ukimwekea kidole katikati ya mstari, hajui pa kuanzia. Lazima arudi mwanzo."

Hapo nilijua ule usaili wetu ulikuwa umepima nini. Mtoto mwenye kumbukumbu kama hiyo, katika darasa kubwa linaloimba ukurasa kwa pamoja nyuma ya mwalimu, anaweza kumaliza darasa la pili akiwa na kitabu kizima kichwani. Tulimwekea mbele kitabu anachokijua.

Kesho yake nilikaa naye na maneno ambayo hakuna kitabu kilichowahi kuyaandika. Nilitunga maneno yasiyo na maana, lakini yenye umbo la Kiswahili: fesalu, kidomu, ndifako, nyatibe. Maneno hayo hayahifadhiki. Njia pekee ya kuyasoma ni kuyasoma. "Fesalu" aliitoa taratibu, silabi kwa silabi, midomo ikitangulia sauti. "Ndifako" ikatoka "dafiko". Kisha tukacheza mchezo wa kukata maneno kwa mdomo, bila maandishi. Sema kalamu bila "ka". Akajibu "lamu" papo hapo, akatabasamu. Sema basi bila sauti ya kwanza, ile "b" tu. Akasema "si". Nikamwonyesha kwa mfano: dada bila "d" ni "ada". Sasa basi? Akafikiri sana. "Si."

Ningeishia hapo ningekosea, kwa kuwa watoto waliofundishwa ba, be, bi, bo, bu wamezoea kuiona silabi kama tofali moja, na kulivunja tofali si jambo walilowahi kuombwa. Kwa hiyo niliwaita wenzake wawili waliohamia kwetu muhula uleule kutoka shule za Kiswahili. Wote wawili walikwama mwanzoni. Baada ya mifano miwili wakaelewa mchezo, na hawakukosea tena. Yeye alipewa mifano kumi na bado "b" ilikuwa inaondoka na "a" yake. Tulihesabu kasi ya kusoma kwa silabi badala ya maneno. Wenzake walimwacha mbali katika Kiswahili kilekile tulichosema anakijua.

Madaftari yao matatu yalisema hivyohivyo. Mmoja wa wenzake aliandika neno la Kiingereza "because" hivi: bikozi. Hilo ni kosa la mtoto mwenye masikio mazuri. Amesikia sauti zote na kuziandika kwa sheria za Kiswahili, kama Waswahili walivyofanya walipoipokea baiskeli. Daftari la mtoto wetu lilikuwa na "biksi". Sauti zimepotea njiani. Nikarudi kwenye insha zake za Kiswahili, ambazo mwalimu alikuwa akizisahihisha kwa upole, nikakuta "goma" pahali pa ngoma, "abia" pahali pa ambia, "kueda" pahali pa kwenda. Tumezoea kusema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo makosa ya tahajia ni uzembe. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichambua makosa ya watoto wanaoandika Kiswahili na kuchapisha kazi yao mwaka 2003. Kichwa chake chenyewe kinasema kwamba kujifunza kuendeleza maneno ya lugha ya namna hiyo si kazi ndogo. Natamani walimu wetu wote wa Kiswahili waifahamu.

Mwanasaikolojia wa elimu anayetembelea shule yetu alimpima siku mbili na kuandika disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno usiotokana na upungufu wa akili. Aliandika pia, kwa uaminifu niliouheshimu, kwamba vipimo vyake vilisanifiwa kwa watoto wa Uingereza na kwamba ulinganisho na wale wenzake wawili una uzito kuliko namba za jedwali.

Ripoti ilipofika kwa uongozi, naibu mkuu aliuliza swali ambalo nadhani ndilo kiini cha kisa hiki. Inawezekanaje mtoto awe na disleksia kwa Kiingereza huku Kiswahili anakisoma?

Nilimsimulia kisa cha kijana anayejulikana katika utafiti kwa herufi mbili tu, AS. Taeko Wydell na Brian Butterworth walikichapisha mwaka 1999. AS alilelewa Japani na wazazi wanaozungumza Kiingereza, Kiingereza ikawa lugha ya nyumbani kwao, naye akasoma shule ya Kijapani. Kijapani, pamoja na herufi zake zote za kutisha, alikisoma vizuri sawa na wanafunzi wa chuo kikuu wa Kijapani. Kiingereza, lugha ya mama yake na baba yake, kilimshinda kukisoma. Hakuna aliyeweza kusema lugha ni ngeni kwake. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba maandishi hutofautiana kwa mambo mawili: jinsi herufi zinavyokuwa waaminifu kwa sauti, na ukubwa wa kipande cha sauti ambacho herufi moja inakibeba. Kana, yaani herufi za Kijapani zinazoandika sauti, hubeba kipande kikubwa kama silabi, na ni aminifu. Kiingereza hudai uisikie sauti mojamoja, ndogo kabisa, kisha hakitoi ahadi kwamba herufi itakuwa ileile kesho: sikiliza tu mwisho wa through, cough na though.

Sasa itazame Pangani. Kiswahili chenye irabu tano zisizobadilika, kikifundishwa kwa silabi, kilimruhusu mtoto aishi kwa vipande vikubwa. Udhaifu wake wa kusikia sauti ndogo ulikuwepo, lakini haukumwangusha, ulimchelewesha tu, na kumbukumbu yake ikajaza pengo. Kiingereza kilimnyang'anya vyote viwili siku moja. Wala si watoto wenye disleksia pekee wanaokiona kizito. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule: Wafini, Wagiriki na Wajerumani walisoma sahihi zaidi ya asilimia 95 ya maneno ya kawaida, na watoto wa Uskoti, wanaosoma kwa Kiingereza, asilimia 34. Kwa mtoto mwenye udhaifu huu, kilima hicho ni mlima.

Naibu mkuu alinyamaza kidogo, kisha akauliza tutafanya nini. Stika za nyota ziliondolewa wiki ile.

Upande wa moyo ulikuwa umeanza kabla ya huo wa herufi. Mshauri nasaha wetu alikaa naye mara moja kwa wiki, wakichora zaidi kuliko kuongea. Katika kikao cha tatu alimchora mtu mwenye kichwa kidogo sana. Alipoulizwa ni nani, alisema: "Ni mimi. Kichwa changu ni cha Kiswahili, Kiingereza hakiingii." Siku tuliyomweleza kuhusu disleksia tulikuwa wanne mezani, pamoja na mama. Nilimweleza kwa Kiswahili, kwa mifano ya mchezo tulioucheza, kwamba sauti ndogo zinamponyoka katika lugha zote, na kwamba kumbukumbu yake ni kubwa kuliko ya watoto wengi niliowafundisha. Nilidhani atauliza kama atapona. Aliuliza: "Kwa hiyo tumbo nilikuwa sidanganyi?" Kumbe baadhi yetu tulikuwa tumemfanya aamini kwamba anasingizia. Nilimwambia tumbo lilikuwa linauma kweli, na kwamba hofu hufanya hivyo kwa watu wazima pia.

Baba alikuwa mgumu zaidi, na sitaki kumfanya mkosaji, kwa sababu alikuwa akifuata tulichomwambia sisi. "Mlisema tuache Kiswahili, tukaacha. Leo mnasema turudishe. Nimwamini nani?" Sikuwa na jibu zuri kuliko kukiri kwamba ushauri wa kwanza ulikuwa makosa ya shule. Pendekezo lake lilikuwa Kiswahili kiondolewe kabisa kwenye ratiba, nguvu zote ziende Kiingereza. Nilimwonyesha insha ambayo mtoto alimsimulia mwalimu kwa mdomo, kisha mwalimu akaiandika: kurasa tatu juu ya kukwama kwa kivuko cha Pangani, zenye utani, zenye methali za bibi. Katika Kiswahili mtoto huyu alikuwa mtu mwenye akili, na alijua hivyo. Tungemwondolea hicho, angebaki na lugha moja tu, ile anayoshindwa. Baba aliisoma insha yote mbele yangu, akaikunja, akaitia mfukoni. Kiswahili kilibaki.

Mafunzo ya sauti tuliyafanya dakika 25, siku nne kwa wiki. Sikumtoa kwenye kipindi cha Kiswahili wala mpira. Kumnyang'anya mtoto mahali anapong'ara ili kumpeleka anapoumia ni kosa ninaloliona mara nyingi. Babu yake alikuwa amemfunza bao, kwa hiyo tulitumia kete. Kete moja kwa kila sauti. Tulianza na Kiswahili: basi, kete nne, ondoa ya kwanza, soma zilizobaki. Ilichukua wiki mbili kabla ya "asi" kutoka. Alipoipata aliirudia mara tatu. Tulibishana kama "ng" ya ngoma ni kete moja au mbili. Tukakubaliana mbili, akaenda kurekebisha daftari lake mwenyewe bila kuambiwa. Ndipo tukahamia Kiingereza, ambako "ship" ina herufi nne na kete tatu, jambo lililomuudhi sana na nikamwambia ana haki ya kuudhika.

Kilichonishangaza kilitoka kwenye sarufi. Msemaji wa Kiswahili huvunja vitenzi tangu utotoni bila kujua: a-na-ku-pend-a, ha-wa-pend-an-i. Mtoto huyu alikuwa hodari kupindukia wa kuona mzizi. Nikaanza kumwonyesha kwamba Kiingereza mara nyingi huacha matamshi yapotee ili kulinda mzizi usionekane umebadilika: health imebaki na herufi za heal, sign imeitunza "g" kwa ajili ya signal. Maneno aliyoyaona kama uonevu yakaanza kuwa na sababu. "Kumbe nacho kina mzizi," alisema. Sasa ana daftari la mizizi, safu moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, na watoto wawili wasio na shida yoyote ya kusoma wameomba kuanzisha la kwao.

Bado anasoma polepole. Mwisho wa darasa la tano usahihi wake wa Kiingereza ulikuwa umepanda, kasi imesogea kidogo, na sitarajii disleksia iondoke. Muhula uliofuata alikwenda kwa nesi mara mbili. Mara moja alikuwa na malaria. Anayosomewa kwa sauti anayaelewa kuliko wengi darasani, kwa hiyo maswali ya sayansi sasa anasomewa, na majibu anaruhusiwa kuyasema. Mwalimu mmoja anaona huo ni upendeleo, na tunaendelea kuongea.

Agosti anaingia darasa la saba, ambako wanafunzi wote huanza Kifaransa. Nimependekeza kiahirishwe miaka miwili, na vipindi hivyo viwe vya mafunzo yetu ya sauti na mizizi. Mama amekubali. Baba anasema mtoto aulizwe kwanza, nami naona ana haki. Fomu ya kumwombea muda wa ziada katika mitihani, robo ya muda wa kawaida, nimeijaza na kuambatanisha ripoti. Ipo mezani kwangu, inasubiri saini ya mzazi na jibu la mtoto kuhusu Kifaransa. Amesema atalitoa akirudi likizo Pangani.